Mwalimu Mgeni Aliyeliogopa Darasa Lake



Kila Dominika mnafundishwa habari za dhambi, za neema na za sakramenti. Leo sikilizeni habari ya ugonjwa mmoja wa moyo. Ugonjwa huo wenyewe si dhambi, walakini huweza kumwondoa mtu mwema katika kazi aliyopewa na Mungu. Nao ni mashaka ya mtu juu ya nafsi yake. Mwenye ugonjwa huo huamka alfajiri, huitazama kazi inayomngojea, kisha husema moyoni: “Sifai. Walionituma walikosea. Leo au kesho watu watanitambua.”

Ugonjwa huu huwapata watu wa kazi zote. Lakini huwashika sana walimu, na miongoni mwa walimu huwashika zaidi wale wanaofundisha mbali na kwao. Kwa hiyo jifunzeni kwa mfano wa mwalimu wa Kiingereza.

I. MWALIMU ALIYEVUKA MPAKA

Mwaka 2022 nchi ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ikaungana na Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Sudani ya Kusini. Katika shule za Kongo masomo ya juu hufundishwa kwa Kifaransa. Lakini mfanyabiashara aendaye Kampala au Nairobi hukuta Kiingereza kila mahali, katika barua, katika hati na katika maduka. Ndiyo sababu wazazi wanatamani watoto wao wakijue.

Basi, mfikirieni mwalimu mmoja kijana, mzaliwa wa Uganda, anayekuja kufundisha Kiingereza Bangboka, upande wa mashariki wa mji wa Kisangani, karibu na uwanja wa ndege. Mfano huu haumtaji mtu fulani. Walakini walimu wengi wataiona sura yao ndani yake. Amevuka mpaka Kasindi, amepita Beni na Mambasa, amesafiri siku nyingi katika msitu mkubwa. Kwao alisifiwa kwa masomo yake. Mama yake alilia kwa furaha alipoagana naye.

Siku ya kwanza anaingia darasani. Watoto wanasimama, wanamsalimu vizuri. Anaandika ubaoni neno la Kiingereza lenye maana ya meza. Mara watoto wote wanalisoma kwa sauti, lakini kwa Kifaransa, kwa maana neno hilo huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili, ila husomwa mbalimbali. Anawasahihisha, wanacheka. Anaandika neno la kisu, ambalo kwa Kiingereza huanza kwa herufi K, walakini herufi hiyo haitamkwi. Mvulana mmoja anainua mkono na kuuliza: “Mwalimu, kama haisomwi, mbona inaandikwa?” Mwalimu hajui jibu. Anajaribu kueleza kwa Kiswahili, lakini Kiswahili chake ni kidogo. Anasema “shule”, wao husema “masomo”; anasema “pesa”, wao husema “franga”. Watoto wanacheka tena, wala si kwa ubaya, maana watoto hucheka. Lakini kicheko kile kinamwingia mwalimu kama mwiba.

Usiku, peke yake chumbani, anahesabu makosa yake yote. Anakumbuka kwamba Kiingereza si lugha ya mama yake, bali alijifunza shuleni kama hao watoto. Anajiuliza: “Mimi ni nani hata nifundishe lugha ya watu wengine katika nchi ya watu wengine?” Hana ndugu wa kumwambia. Akiwaandikia wazazi wake huandika kwamba mambo yote ni mazuri, kwa kuwa anaona haya. Hivyo mashaka yake hukua gizani kama uyoga.

II. NJIA MBILI ZENYE HATARI

Angalieni sasa. Mwenye mashaka namna hii huona njia mbili mbele yake, na zote mbili ni mbaya.

Njia ya kwanza ni kukimbia. Anaanza kusema kwamba hali ya hewa haimfai, kwamba mshahara hautoshi, kwamba kwao kuna kazi nyingine. Pengine maneno hayo ni ya kweli, lakini siyo sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni hofu. Akiondoka, watoto hubaki bila mwalimu, naye hubeba hofu yake katika mzigo wake mpaka kazi nyingine, ambako itafunguliwa tena.

Njia ya pili ni kujificha nyuma ya ukali. Njia hii haitambulikani upesi, kwa maana kwa nje hufanana na nguvu. Mwalimu aogopaye kuulizwa huwakataza watoto wasiulize. Aogopaye kuchekwa hushika fimbo. Asiyejua jibu husema: “Swali lako ni la kijinga, kaa chini!” Watu wapitao nje husikia ukimya darasani, wakasema: “Huyu ni mwalimu hodari.” Walakini ndani ya ukimya ule kuna mvulana aliyeuliza habari ya ile herufi K. Alikuwa mwenye akili kuliko wote, maana aliliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Ameaibishwa mbele ya wenzake. Kesho atakaa nyuma. Kesho kutwa hatakuja. Atakwenda sokoni kubeba mizigo ya watu. Na pengine hatarudi tena masomoni maisha yake yote.

Tazameni jinsi mashaka ya mtu mmoja yanavyoweza kumpoteza mtu mwingine! Mwalimu huyo hakumchukia mtoto. Alijiogopa mwenyewe tu, lakini aliyelipa ni mtoto. Kwa hiyo mtu asiseme: “Mashaka yangu ni shauri langu.” Mwenye kazi ya kuwaongoza wengine hana mashaka ya peke yake.

III. WATAKATIFU WALIOTETEMEKA

Je, Mungu huwachagua wale tu wasiotetemeka? La, sivyo. Musa alipotumwa kwa Farao alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumwacha, bali alimpa ndugu yake Haruni wa kusema pamoja naye.

Mtume Paulo alifika Korinto, mji mkubwa wa Wayunani, karibu na mwaka 50. Kabla ya hapo, Atene, baadhi ya wenye elimu walimdhihaki. Baadaye aliwaandikia Wakorinto waziwazi kwamba aliingia kwao akiwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka sana. Naam, Paulo mwenyewe! Katika Matendo ya Mitume imeandikwa kwamba Bwana alimtokea usiku, akamwambia asiogope wala asinyamaze. Angalieni: Bwana hakumwahidi Paulo ulimi mtamu. Alimwahidi kuwa pamoja naye. Paulo akakaa Korinto mwaka mmoja na miezi sita, akifundisha, tena akifanya kazi ya kushona hema pamoja na Akila na Priskila, mume na mke, walioipokea imani.

Akila na Priskila hao walimsaidia mwalimu mwingine pia. Jina lake Apolo, mtu wa Aleksandria katika Misri, msemaji hodari. Alikuja Efeso, mji wa kigeni kwake, akafundisha kwa bidii. Lakini ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohane tu. Wale washona hema wawili hawakumcheka mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza vizuri zaidi njia ya Mungu. Apolo naye hakusema: “Nyinyi washona hema mwanifundisha mimi?” Alipokea mafundisho yao, akaendelea, akawasaidia wengi. Mwalimu anayekubali kusahihishwa hapungukiwi cheo. Elimu yake ndiyo inayoongezeka.

Sikilizeni pia habari ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney wa Ufaransa, msimamizi wa maparoko. Alizaliwa mwaka 1786 katika jamaa ya wakulima. Alianza kujifunza Kilatini akiwa kijana mkubwa, karibu na miaka 20, pamoja na wavulana wadogo. Lugha ile ilimshinda. Yasimuliwa kwamba mvulana mmoja wa miaka 12, aliyekuwa akimsaidia masomo, alishikwa na hasira akampiga mbele ya wenzake. Vianney alipiga magoti mbele ya mtoto yule, akamwomba msamaha. Mtoto akalia, nao wakawa marafiki. Mwishowe mvulana yule akawa askofu mmisionari katika Marekani. Vianney mwenyewe aliondolewa seminarini kwa sababu ya Kilatini chake. Walakini padri mmoja mzee alizidi kumfundisha kwa uvumilivu, hata akapewa upadri mwaka 1815.

Mwaka 1818 alitumwa Ars, kijiji kidogo. Huko watu walimiminika kutoka nchi nyingi kuungama kwake. Je, mashaka yake yalikwisha? Hapana. Alijiona hafai kuwa paroko, hata zaidi ya mara moja aliondoka usiku ili akajifiche mahali pa upweke. Nao waparokia wake walimfuata, wakamsihi, akarudi. Alikufa Ars mwaka 1859, na Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1925. Basi, utakatifu wake haukuwa kukosa mashaka. Kila mashaka yalipomtoa kijijini, alirudi.

Tena, msiangalie mbali tu. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alifika kwenye maporomoko ya mto Kongo, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli hapo Kisangani. Alikuwa mgeni kwa mara ya pili, maana kwanza alifanya kazi Ekwado katika Amerika ya Kusini, hata ikambidi kutoka huko. Akaja Kongo, ambako hali ya hewa, chakula na lugha vilikuwa vipya kwake. Mtu mzima, mwenye elimu, padri, ilimpasa kuanza tena kama mtoto, kuuliza jina la kila kitu. Aliwekwa kuwa mkubwa wa misioni zote za upande huu, akafa mwaka 1942. Wakristu wengi wa Kisangani walipata imani kwa njia ya kazi iliyoanza hivyo, kwa mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi wa wale aliotumwa kuwafundisha.

IV. DAWA YA UGONJWA HUU

Sasa rudini kwa yule mwalimu wa Bangboka, kijana wa Uganda. Afanye nini?

Kwanza, atenganishe ukweli na uwongo. Mashaka huja na maneno mawili yaliyofungwa pamoja. Neno la kwanza husema: “Hujui vya kutosha.” Hilo mara nyingi ni kweli, nalo ni mlango wa unyenyekevu. Neno la pili husema: “Kwa hiyo hufai.” Hilo ni uwongo, na ni mlango wa kukata tamaa. Ayafungue maneno hayo mawili kama mtu afunguavyo mzigo. La kwanza alikubali, la pili alitupe.

Pili, hofu yake aigeuze kuwa kazi. Mnawajua wavuvi wa Wagenia. Husimika miti mikubwa juu ya mawe, katikati ya maji makali ya mto Kongo, wakaifunga kwa kamba za msituni, kisha hushusha humo mitego yao mikubwa mfano wa vikapu. Mvuvi asiyeyaogopa maji yale hufunga kamba ovyo, akachukuliwa. Mvuvi anayeyaogopa mno hubaki ukingoni, akalala njaa. Lakini mvuvi mwenye busara huyaogopa maji, na kwa sababu hiyo huzikaza kamba zake mara mbili. Vivyo hivyo mwalimu anayeogopa maswali ya kesho atayarishe somo lake leo. Achague maneno machache, ayaseme kwa sauti peke yake, aandike katika daftari maswali ambayo watoto waweza kuuliza, atafute majibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, aseme kweli mbele ya watoto. Yule mvulana akiuliza habari ya herufi K, mwalimu asione haya kusema: “Umeuliza vizuri. Leo sijui, nitatafuta.” Naye atafute kweli. Atakuta kwamba zamani Waingereza waliitamka herufi hiyo. Ulimi ukaiacha, lakini kalamu haikuiacha. Atakuta pia kwamba mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na baada ya hapo maneno mengi sana ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza. Basi siku ya pili atarudi darasani, awaambie watoto: “Lile neno la meza mlilolisoma kwa Kifaransa hamkulikosea bure. Kifaransa chenu kitawasaidia.” Jambo lililomwaibisha siku ya kwanza sasa limekuwa somo zuri. Na yule mvulana ataketi mbele.

Nne, akubali kufundishwa na watu wa mahali. Awaombe watoto wamfundishe neno moja la Kiswahili cha Kisangani kila siku, hata la Kilingala. Watoto watafurahi. Watamwona mwalimu wao akikosea, akichekwa, akacheka pamoja nao, akajaribu tena. Nao watajifunza kwamba kukosea si kufa. Somo hilo hamna kitabu kilicho na uwezo wa kulitoa. Kwa kweli, mwalimu aliyezaliwa na lugha anaweza kusahau jinsi ilivyo ngumu. Bali yeye aliyejifunza kwa jasho anajua mawe yako wapi njiani, naye aweza kumshika mtoto mkono mahali pale pale alipojikwaa yeye. Udhaifu alioona ni sababu ya kuondoka ndio unaomfaa kwa kazi hiyo.

Tano, asikae peke yake gizani. Amtafute mwalimu mzee, au padri, au mzazi mwenye busara, amweleze. Huenda mzee akamwambia: “Mwalimu, watoto wangu wanaporudi nyumbani, wanakutaja. Wanacheka, ndiyo, lakini wanayasema maneno yako jikoni.” Kumbe mwalimu hakuweza kuyajua hayo, kwa sababu alisikia kicheko cha darasani tu. Mtu anayejipima peke yake hujipima kwa mizani mbovu.

Sita, asali. Asiombe tu Mungu amwondolee hofu, bali aombe nguvu ya kuingia darasani pamoja nayo.

V. NENO KWENU, WAKATEKUMENI

Wapenzi, msifikiri kwamba maneno haya ni ya walimu peke yao. Nanyi mmeingia katika nchi mpya. Maneno ya imani ni kama lugha ya kigeni kwenu. Mmoja wenu ni mama mtu mzima. Mtoto wake amekwisha kujua sala zote, yeye bado anasahau katikati ya Nasadiki, naye aona haya. Mwingine ni mzee asiyejua kusoma. Aogopa siku ya maulizo mbele ya Padri. Mwingine huwaza maisha yake ya zamani, akasema: “Mtu kama mimi hawezi kuwa mkristu wa kweli.” Na yuko anayetaka kuacha mafundisho, miezi michache tu kabla ya ubatizo, akitoa sababu za shamba na safari, kumbe sababu ni hofu.

Msiondoke. Ubatizo si tuzo ya wenye akili nyingi. Ni neema ya Mungu, nanyi mnaipokea kwa mikono mitupu kama watu wote. Aliyesahau Nasadiki aanze tena. Asiyejua kusoma amwombe mwanawe amsomee jioni, wala asione haya kufundishwa na mtoto, kwa kuwa Vianney alifundishwa na mtoto. Nao wenye kujua upesi wasiwacheke wanaokwenda polepole. Bali wafanye kama Akila na Priskila, wawachukue kwao, wawaeleze kwa upole. Mwenye kumcheka mwenzake anaweza kumfukuza mlangoni pa Kanisa, na Mungu atamwuliza habari zake.

Tena kumbukeni: siku moja ninyi nanyi mtakuwa walimu, kila mmoja nyumbani kwake. Mtoto atawauliza jambo msilolijua. Siku hiyo msishike fimbo.

MASWALI NA MAJIBU

Je, mashaka juu ya nafsi yako ni dhambi?
Mashaka yenyewe si dhambi, ni jaribu. Yaweza kutupeleka dhambini tukikata tamaa, tukiacha wajibu wetu, au tukiwatesa wengine ili kujificha.

Unyenyekevu na kukata tamaa vinatofautianaje?
Mnyenyekevu husema: “Sijui, nisaidie.” Aliyekata tamaa husema: “Sijui, niache.”

Mwalimu asiyejua jibu afanye nini?
Aseme kwamba hajui, alitafute jibu, arudi nalo.

Nani aliye mwalimu wa kweli wa mioyo?
Ni Yezu Kristu. Walimu wote wengine ni wanafunzi wake.

AZIMIO LA JUMA HILI

Mtafute mtu mmoja anayejiona hafai, awe mgeni, awe mwalimu, awe mkatekumeni mwenzako, umwambie jambo moja jema uliloliona katika kazi yake. Usimsifu kwa uwongo. Mwambie lililo kweli.

SALA

Ee Yezu Mwalimu mwema, uliyewachagua wavuvi kuwa mitume wako, uwaangalie wote wanaofundisha mbali na kwao. Uwape ulimi wa kweli, moyo wa upole, na rafiki katika ugeni wao. Nami nikijiona sifai, unikumbushe kwamba wewe ndiwe uliyeniita. Mwenyeheri Anuarite, mtawa wa Wamba, uliyefundisha watoto na kumwaga damu yako kwa ajili ya Kristu huko Isiro mwaka 1964, utuombee. Amina.